MZAZI ALIYE GEREZANI NA MTOTO ANAYELELEWA NA JAMAA

Katika darsa yetu ya baada ya Isha tuliletewa mas-ala ambayo twaona haifai kuyajibu kwa neno moja na kuyaacha, kwani yamo katika nyumba nyingi za miji yetu ingawa hayasemwi barazani. Bwana mmoja amehukumiwa kifungo cha miaka minane, na mkewe alikuwa amekwisha kufa. Watoto wake wawili, msichana wa miaka sita na mvulana wa miaka mitatu, walichukuliwa na ndugu yake, yaani ami yao. Akawaweka pamoja na wanawe, akawavisha, akawatia chuoni na skuli, wala hatukusikia juu ya malezi yake ila sifa njema. Mwaka wa pili akaja mtu akamshauri kwamba mambo ya skuli, ya bima ya matibabu na ya pasi ya safari yatamwia mepesi iwapo atakwenda mahakamani akawapanga watoto wale wawe wanawe, au kama isemwavyo katika sheria za nchi, akawaasili. Karatasi ikapelekwa gerezani ili baba mtu atie kidole. Akakataa. Hapo jamaa wakaghadhibika, wakasema: "Mfungwa ana haki gani? Yeye ametenda, kulea tulee sisi, kisha ndiye atuamrishaye?"

Tumeulizwa mambo mawili: je, mfungwa huyo ana neno juu ya wanawe? Na je, yafaa ami yao kuwapanga? Sisi tutaanza na la pili, kwani likieleweka hilo, la kwanza huwa jepesi.

Sharia yetu haina kupanga mtoto kwa maana ya kumwondoa katika nasaba ya babake na kumtia katika nasaba ya mtu mwingine. Jambo hilo lilikuwapo zama za ujahili na Waarabu wakilifanya sana. Zaid bin Haritha alitekwa utotoni, akauzwa, akafika kwa Bibi Khadija, naye akampa Mtume (S.A.W.). Babake alimtafuta hata akafika Makka, akataka kumkomboa. Mtume akampa Zaid khiyari, na Zaid akachagua kubaki. Tangu hapo watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Je, yuko mlezi bora kuliko huyu? Na yuko mtoto aliyeridhika na mlezi wake kuliko Zaid? Juu ya hayo yote, ziliposhuka aya ya 4 na ya 5 za Suratul-Ahzab kuamrisha kwamba watoto waitwe kwa baba zao, jina lilirejea pale pale: Zaid bin Haritha. Mapenzi hayakupungua hata chembe. Mtume alimpa uamiri wa jeshi lililokwenda Muuta katika mwaka wa 8 wa Hijra, na huko ndiko alikokufa shahidi. Ndugu msomaji, mtazame huyo Haritha aliyerejeshewa jina. Ni baba ambaye kwa muda mrefu hakumlisha mwanawe hata tonge moja wala hakujua aliko. Kutolisha kwake hakukumfanya kuwa si baba.

Na ukitaka mfano wa jamaa kulea mtoto wa jamaa, basi huu hapa katika Suratu Aali Imran, aya ya 37 na ya 44: Bibi Maryam alishindaniwa na watu hata wakapiga kura kwa kalamu zao, na malezi yake yakamwangukia Nabii Zakariya. Qur'ani imelitumia hapo neno la kafala, nalo ndilo jina la malezi haya mpaka leo. Lakini alipotajwa tena katika mwisho wa Suratut-Tahrim hakuitwa binti Zakariya. Aitwa binti Imran. Mlezi ni huyu na baba ni yule, na kila mmoja ana daraja yake.

Watu wa kwetu wana hoja moja waipendayo, nayo ni hii: "Ami na baba ni damu moja, jina la babu ni moja, basi kuna ubaya gani?" Twasema ubaya uko pale pale penye wepesi. Mtu akichukua mtoto wa mbali akampa jina lake, watu watauliza. Akichukua mtoto wa nduguye hapana atakayeuliza, na baada ya miaka kumi na mitano hapana atakayekumbuka. Msichana atakuwa amefikia kuolewa. Yule aandikwaye babake katika vyeti ndiye atakayekaa mbele ya Kadhi na kumwoza, akisema, "Nimekuoza binti yangu," na babake wa haki yu hai. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuyafuatayo pwani hii, ami hana uwezo wa kuoza na hali baba yuko na ana sifa za uwalii, ila awe amewakilishwa naye. Na nikaha iliyofungwa na walii wa mbali kwa kumruka wa karibu si sahihi. Tazama basi! Karatasi iliyotiwa saini kwa ajili ya karo ya skuli imekwenda kuiharibu ndoa ya mtu asiyejua lolote.

Wakadhalika mirathi. Mtoto aliyepangwa mahakamani huhesabiwa kisheria ya nchi kama aliyezaliwa na yule aliyempanga. Siku atakapokufa ami, wanawe wa kuzaa watamwona binamu yao amekuwa ndugu, na fungu la kila mmoja wao limepungua. Na siku atakapokufa baba mtu, mtoto ataambiwa kwamba yeye si wake. Huku atachukua kisicho chake, na huku atanyimwa kilicho chake. Tena, kwa kuwa tumegusa mirathi, liko jambo lifanywalo na watu ambalo hatuwezi kulinyamazia: babu akifa na mwanawe mmoja yuko jela, jamaa hugawanya nyumba na shamba kana kwamba yule wa jela amekwisha kuzikwa. Kifungo si katika mambo yanayomzuia mtu kurithi. Aliyemuua marehemu ndiye asiyemrithi. Ama aliyefungwa kwa jambo jingine, fungu lake ni lake, na litawekwa mpaka atoke au amweke wakili.

Sasa twende kwenye swali la haki ya mfungwa. Idhini ya mzazi si kitu kimoja. Iko idhini ya kumtoa mtoto alelewe: kulishwa, kulazwa, kupelekwa kwa daktari, kusomeshwa. Hiyo ni mali ya mzazi, aweza kuitoa na aweza kuirejesha, mfano wa mtu aliyemwakilisha mwenzake. Na iko idhini ya kumtoa mtoto katika nasaba. Hiyo hana, awe gerezani au awe nyumbani kwake amekaa juu ya zulia. Nasaba ni haki ya Mwenyezi Mungu na ni haki ya mtoto, na mtu hawezi kukipa wengine asichokimiliki. Kwa hivyo lau baba yule angetia kidole kwa furaha, na kwa mikono yote miwili, watoto wale kwa Sharia wangebaki kuwa wake. Kukataa kwake karatasi ile kulikuwa sawa, na waliomghadhibikia ndio waliokosa.

Atasema msemaji: haya, nasaba imebaki, lakini ulezi je? Aliyefungwa si amepoteza kila kitu? Jawabu ni kwamba maulamaa wetu wamepambanua baina ya haki kuondoka na haki kuzuilika. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho kila aliyekaa mbele ya masheikh wetu amekipitia, tunakuta kwamba mama ndiye wa kwanza kwa ulezi wa mtoto mdogo. Akiwa hayupo, ulezi humwendea nyanya mzaa mama. Na yule aliyezuiliwa kwa sababu fulani, sababu ile ikiondoka, haki yake humrudia. Kwa hiyo mama aliyefungwa hakuvuliwa umama. Amezuiliwa, na atakapofunguliwa hataanza kuomba kama mgeni mlangoni.

Ama baba, uwalii wake ni mzito zaidi. Mafakihi wa Kishafi wamelitaja khasa suala la walii aliyefungwa. Wakasema: akiwa yuko mahali ambapo watu humfikia, basi aendewe aulizwe, na akiwa katika kifungo kisichofikika, hakimu ndiye atakayesimama mahali pake. Hakimu, si ndugu. Na hikima yake i dhahiri, kwani lau uwalii ungehama kumwendea ndugu kila mara baba anapofungwa, ingekuwa kumfungisha mtu ni njia ya kuchukua wanawe na mali yao. Hakimu hushika kwa niaba ya asiyekuwapo, na ndugu mara nyingi hushika kwa niaba ya nafsi yake. Twasema mara nyingi, hatusemi daima.

Atasema mwingine: "Lakini mfungwa ni fasiki, na fasiki hana uwalii." Neno hili ni kubwa na hutupwa upesi mno. Gerezani wamo mahabusu ambao kesi zao hazijakatwa. Wamo waliofungwa kwa deni. Wamo waliodhulumiwa, na wamo waliotenda kweli kisha wakatubia, hata mmoja akawa hasali nje na sasa ndiye muadhini wa wenzake. Na nje ya gereza wako mafasiki wasiofungwa ambao hakuna aliyewahi kuwauliza habari ya uwalii wao. Kupima uadilifu wa mtu ni kazi ya Kadhi kwa mashahidi, si kazi ya shangazi na wajomba waliokutana sebuleni wamekwisha kukata shauri. Pamoja na hayo hatukatai kwamba wako wazazi ambao haifai wakabidhiwe mtoto. Aliyefungwa kwa kumpiga mwanawe au kumvunjia heshima yake, au aliyemuua mama wa mtoto huyo, hana amana, na bila amana hapana ulezi. Huyo mtoto na awekwe mbali naye, na jambo lipelekwe kwa hakimu. Hata hapo jina la babake halibadiliki, kwani jina si tuzo apewayo baba mwema.

Na wala asidhani mtu kwamba sheria za nchi ziko kinyume na haya yote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 51, yasema mtu aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kabisa kupatana na kule kufungwa kwake. Kifungu cha 53 champa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake, mama na baba wakiwa na wajibu ulio sawa, na maslahi ya mtoto yakitangulizwa juu ya kila kitu. Na katika sheria ya kuasili, ridhaa ya wazazi ndiyo asili. Mahakama huweza kupita bila ya ridhaa hiyo kwa sababu maalumu, kama mzazi kumtupa mtoto, kumtesa, au kutopatikana alipo. Sasa, mfungwa ni katika watu wepesi mno kupatikana. Jina lake limeandikwa, nambari yake imeandikwa, na lango analokaa nyuma yake lajulikana. Anayemwambia hakimu kwamba hajui alipo nduguye, na hali kila Idi humpelekea haluwa, ameapa uwongo.

Illa liko onyo kwa mfungwa mwenyewe. Mzazi aliyenyamaza kabisa, asiyeandika, asiyeuliza, asiyetuma salamu, ni rahisi kwa watu kusema amewatupa wanawe, na hakimu huutazama ukimya huo. Basi na aandike barua kwa mlezi, na nyingine kwa watoto ingawa hawajui kusoma, na kila barua aiweke nakala. Akipata kijisenti kwa kazi ya gerezani, akitume hata kama hakitoshi kununua mkate. Nafaka ni juu yake kwa kadiri ya uwezo, na kifungo hakikuiondoa, kimepunguza uwezo tu.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yaitambua kafala kuwa njia ya malezi ya Waislamu, kama ulivyoitambua kabla yake Mkataba wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 katika kifungu chake cha 20, nao Kenya iliutia nguvu mwaka 1990. Basi ami yule ana njia. Na aende Mahakama ya Watoto akaombe amri ya ulezi, au afanywe msimamizi wa watoto wale, akisema wazi kwamba baba yao yu hai, yuko mahali fulani, na atatoka mwaka fulani. Kwa amri hiyo atawaandikisha skuli, atasimama mbele ya daktari, na pale itakapohitajika pasi atakuwa na karatasi ya kuonyesha yeye ni nani kwao. Kilichobaki nje ni jina na mirathi, navyo si vyake. Akipenda kuwafaa zaidi, awape kitu katika uhai wake, au awausie ndani ya thuluthi ya mali yake, kwani hao si warithi wake madamu ana wanawe wa kiume. Na hiyo ndiyo sadaka iliyosafika.

Kuhusu kuchanganyika nyumbani, msichana kwa ami yake ni maharimu, hapana dhiki. Lakini mvulana yule atakapobaleghe hatakuwa maharimu wa mke wa ami, wala dada yake kwa binamu zake, labda iwe alimnyonyesha kabla ya kutimiza miaka miwili, mara tano kamili. Kuwaandika mahakamani hakugeuzi hukumu hiyo. Twalitaja kwa kuwa akina mama hutuuliza likiwa limekwisha chelewa.

Tumesema mfungwa aulizwe. Yataka pia tuseme aulizwe vipi, kwani hapa ndipo penye dhuluma isiyoonekana. Karatasi ya Kiingereza kuingizwa gerezani siku ya ziara, mtu akaonyeshwa mahali pa kuweka kidole na kuambiwa "ni ya skuli," hiyo si idhini. Na kumwambia "usipotia kidole hutawaona wanao tena" ni kulazimisha, na ukubali wa kulazimishwa hauna hukumu. Na asomewe kwa lugha aijuayo, mbele ya mtu asiyekuwa na faida katika jambo lile, kama imamu aendaye gerezani au afisa wa ustawi; aelezwe ni ulezi wa muda au ni kuasili, kwa kuwa amri ya kuasili hukata haki za mzazi, na si kitu cha kufanywa leo na kufutwa kesho. Kisha apewe siku za kufikiri. Aliyekaa miaka miwili ndani hana haraka. Haraka ni yetu sisi.

Kwa mama aliyefungwa na kitoto kichanga, sheria ya magereza ya Kenya humruhusu kukaa nacho mpaka kitimize miaka minne, au mpaka kipatikane mahali pema nje kabla ya hapo. Jamaa wengi hungoja mpaka siku ya mwisho, kisha mtoto hutolewa akabidhiwe mtu ambaye hajapata kumwona uso. Yapasa nyanya au khalati waanze kumzuru mapema ili mtoto awajue. Imepokewa kutoka kwa Abu Ayyub kwamba Mtume (S.A.W.) alimkhofisha sana mwenye kumtenga mama na mwanawe, na hilo lilisemwa juu ya mateka wa vita. Ikiwa mateka alihifadhiwa hivyo, je, binti yetu aliyefungwa kwa wizi wa dukani?

Limebaki jambo la uwongo. Nyumba nyingi humwambia mtoto kwamba babake amekufa, au yuko Arabuni kwa kazi, na wasemao hivyo hudhani wamemwonea huruma. Kisha siku moja mwenzake humwambia uwanjani, kwa kicheko. Tumemwona kijana ambaye hakumghadhibikia babake kwa kufungwa, aliwaghadhibikia waliomzikia babake akiwa hai. Mtoto mdogo aambiwe kwa kadiri ya akili yake: babako alikosa, amezuiliwa, nawe ni mwanawe, na sisi twakulea mpaka atoke. Na apelekwe kumzuru, isipokuwa pale ambapo kuna madhara ya kweli. Aibu ya wakubwa si madhara.

Jawabu letu kwa ami yule, basi, ni kwamba karatasi ya kuasili airejeshe, na ya ulezi aishike. Amwendee nduguye kabla ya kumaliza mwezi huu, pamoja na watoto, na ampelekee alama zao za chuo azione. Waandikiane mbele ya mashahidi wawili kwamba malezi ni ya ami mpaka kutoka kwake, na kwamba uwalii wa msichana haukuhama. Atakapofunguliwa, msichana atakuwa amepita miaka saba, umri ambao mafakihi huanza kumsikiliza mtoto, na mvulana vile vile. Wasing'olewe siku ile ile kama mche. Baba na aanze kwa kula nao mchana, kisha walale kwake usiku wa Ijumaa, na ami aendelee kuitwa ami, jina ambalo amelistahiki.